Mlango wa Nyuma

Mara ya kwanza tulipokwenda kutembelea jumba la kihistoria kama familia nzima, Mama alikaa chini ya ngazi kwa saa moja na dakika kumi. Hesabu hiyo si yangu, ni yake. Mbele ya kiti alichopewa palikuwa na saa kubwa ya kabati, ile inayosimama ukutani kama mlinzi, na hakuwa na kingine cha kutazama. Tuliposhuka akaniambia, "Imegonga mara mbili, mwanangu. Saa yenyewe haina kosa, imetunzwa."

Tulikuwa sita: mimi, baba watoto, watoto watatu, na Mama ambaye goti lake halijapanda ngazi tangu alipoanguka. Tulilipa kiingilio kwa kila kichwa. Mama alilipa kamili, maana dirishani hakuna aliyetaja ngazi na sisi hatukuuliza. Ulipokwisha kuingia ndipo ulipoambiwa, kwa upole kabisa, kwamba lifti hakuna, na kwamba vyumba vya kulala, maktaba na roshani vyote viko juu. Yaani kila kilichopigwa picha kwenye kipeperushi. Nikauliza kama tungerudishiwa chochote. Mhudumu akajibu kwamba utaratibu hauruhusu. Sikumlaumu, utaratibu hakuuandika yeye. Ila mpaka leo nasema: kumtoza bei nzima mtu asiyeweza kuona zaidi ya nusu ya nyumba ni kumuuzia nusu kilo kwa bei ya kilo.

Kigari cha mtoto nacho kilibaki mlangoni, magurudumu yanakwangua sakafu. Nikambeba kitinda mimba wangu vyumba vyote. Wa kati, miaka saba wakati ule, aliambiwa "usiguse" mara nyingi hata akaanza kutembea na mikono mfukoni kama mzee aliyefilisika. Binti yangu mkubwa alisoma vibao viwili vya maelezo akachoka. Kisha lile giza! Mapazia yamefungwa mchana kweupe, taa hafifu, watoto wananishika sketi wakiuliza kama humu kuna msiba.

Usiku ule nilifungua daftari. Mimi ni mtu wa daftari, kila senti inayotoka nyumbani kwangu naiandika, tabia niliyorithi kwa Mama. Nilidhani kiingilio ndicho kingekaa juu ya orodha. Wapi! Juu kabisa ilikaa nauli ya watu sita, kwenda na kurudi. Nikafikiri nikaona sababu. Majumba ya matajiri wa zamani hayakujengwa karibu na kituo cha basi. Mwenyewe alikuwa na farasi na gari la kukokotwa, na umbali wa kutoka langoni hadi mlangoni ulikuwa sehemu ya fahari yake: mgeni atembezwe, aone malisho, aone miti iliyopandwa kwa mstari, afike akiwa ameshanywea. Basi lilituacha langoni. Mama aliitembea njia yote ile kwa mkongojo kabla hajazifikia hizo ngazi zilizomshinda.

Chini ya nauli kilifuata chakula, kwa sababu tuliona haya kufungua vyakula vyetu mbele za watu tukaingia kwenye mgahawa wa mle ndani. Hilo ni kosa la kujitakia na hatujalirudia.

Tukakaa karibu mwaka mzima bila kwenda popote. Baba watoto alikuwa na msimamo kwamba mambo yale ni ya watu wenye nafasi, na mimi sikuwa na la kumjibu. Aliyenifanya nirudi ni yule wa kati. Siku moja tunakula, akauliza ghafla, "Mama, kama sisi tungeishi kwenye lile jumba, tungelala chumba gani?" Mama akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Sisi? Sisi tungelala darini, mjukuu wangu, pamoja na njiwa." Mtoto akataka kuiona dari. Na dari ndiyo hatukuwa tumeonyeshwa.

Nikaanza kusoma kabla ya kulipa. Kwanza nikagundua kwamba swali la maana si "kiingilio ni kiasi gani" bali "wanahesabuje watu". Kuna ile wanayoiita tiketi ya familia. Mara nyingi maana yake ni watu wazima wawili na watoto wawili au watatu. Mimi nikaja na bibi. Jirani yangu, anayelea peke yake, akaja na watoto wanne na hakuna mtu mzima wa pili. Dada yangu yeye huja na wapwa zake, hana watoto wake mwenyewe. Hakuna hata mmoja wetu mwenye familia ya namna ile iliyochorwa kwenye tiketi, na ukijumlisha nyongeza zinazowekwa juu yake, nafuu inayeyuka. Siku hizi hukaa na kikokotoo nikalinganisha: tiketi ya familia na nyongeza, au kila mtu peke yake? Mara mbili nimekuta kulipa kila mtu peke yake ni rahisi zaidi.

Hapo ndipo mambo yalianza kunishangaza. Nilitegemea jumba likiwa kubwa na bei iwe kubwa. Lakini pale Versailles, makao ya wafalme wa Ufaransa yenye ukumbi wa vioo 357, mtoto wa chini ya miaka 18 halipi kiingilio. Mtu mwenye watoto watano anaweza kuingia kwa mfalme kwa pesa pungufu kuliko kwa mfanyabiashara fulani wa zamani ambaye nyumba yake ina vyumba sita na kila kichwa kinahesabiwa, hata cha mtoto anayetambaa. Marekani nako kuna mpango unaoitwa Museums for All, ulioanza mwaka 2014. Familia inayopokea msaada wa chakula wa serikali inaonyesha kadi yake na kuingia bure au kwa dola chache. Baba watoto alipousikia alisema hawezi kwenda kuonyesha ufukara wake dirishani huku foleni inamtazama. Tulibishana. Mimi ningeionyesha kadi hiyo bila kupepesa jicho. Ila naelewa alichosema, na nimeona watu wakigeuka mlangoni kwa sababu hiyohiyo, pesa wanayo mfukoni kidogo na aibu wanayo nyingi.

Lililonifaa kuliko yote nililipata kwa National Trust ya Uingereza, shirika linalotunza mamia ya nyumba za kale. Kwao mwenye ulemavu analipa kama wengine, lakini msaidizi anayemsindikiza anaingia bure. Sikulisoma hilo ili niende huko. Nililisoma nikapata maneno ya kuuliza. Tangu siku hiyo kila dirisha nalisogelea na swali moja: "Huyu ni mama yangu, anatembea kwa mkongojo. Msaidizi wake analipa?" Mara nyingi wananitazama, wanamtazama, wanasema nipite. Huwa halikuandikwa popote. La pili nauliza kwa simu kabla hatujatoka nyumbani: kuna ngazi ngapi kabla ya mlango, vyumba vingapi viko chini, kuna viti vya kukalia njiani, choo kiko ghorofa gani? Neno "panafikika" silikubali tena. Niliwahi kuambiwa panafikika, tukafika, tukakuta vidato vinne tu. Vinne tu, kwa goti la Mama, ni sawa na mlima.

Kuhusu giza, aliyeniondolea chuki ni mwongozaji mmoja mzee aliyemsikia mwanangu akinung'unika. Akamwonyesha pazia. Upande unaotazama dirisha ulikuwa rangi ya majani makavu. Akalikunja kidogo, ndani ya mkunjo palikuwa pekundu sana. Akasema mwanga hula rangi ya nguo na karatasi, na rangi ikishaliwa hairudi, ndiyo maana watunzaji huacha mwanga wa kama luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha mwanga), karibu moja ya kumi ya mwanga wa ofisi. Tangu siku hiyo watoto wakiingia kwenye chumba chenye giza wanatafuta mikunjo ya mapazia. Sijui kwa nini maelezo ya namna hiyo hayabandikwi mlangoni. Kibao kingetosha.

Tulinunua kadi ya mwaka. Mwaka wa kwanza tulipata hasara, niseme ukweli. Tulichagua kadi ya mahali panapovutia lakini mbali, tukaenda mara mbili, na daftari likanionyesha kwamba tungelipa mlangoni tungebaki na akiba. Mwaka uliofuata tukachukua ya nyumba ndogo isiyo na jina kubwa, dakika ishirini kwa miguu. Tulikwenda mara kumi na moja. Siku nyingine tulikaa nusu saa tukaondoka, na hapo ndipo nilipoelewa tulichokosea siku ile ya kwanza. Mtu aliyelipia siku moja, tena kwa pesa za kujinyima, anataka kumaliza nyumba nzima. Anawaburuta watoto vyumba thelathini ili asidhulumike. Mwenye kadi anaingia chumba kimoja, anakaa, anaondoka. Kitinda mimba wangu alizoea kukaa kwenye zulia la ukumbi wa nyumba ile (zulia la kuigiza, la kale liko kabatini), na walinzi wanamjua kwa jina.

Siku za bure tumezijaribu pia. Ufaransa ilianza mwaka 1984 kufungua bure majengo ya kihistoria kwa siku maalumu za Septemba, nchi nyingi za Ulaya zikaiga, na Uingereza ina zake tangu 1994. Uzuri wa siku hizo ni kwamba hata nyumba ambazo kwa kawaida hazifunguliwi zinafunguliwa. Ubaya ni foleni. Siku ya bure tuliyokwenda sisi tulisimama kwa muda wa saa tatu. Mama alisimama dakika ishirini akaomba arudi nyumbani, na baba watoto akarudi naye. Kwa hiyo bure ile ilikuwa ya wenye magoti. Nikienda tena nitakwenda peke yangu na binti, asubuhi na mapema, kwenye jengo ambalo wengine hawalikimbilii.

Kisha Amsterdam, kule Uholanzi. Shemeji yangu alikuwa anaoa, tukachanga, tukaenda. Binti yangu alikuwa amefika miaka 13, na jambo moja tu alilolitaka ni kuiona nyumba aliyojificha Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyeandika shajara akiwakimbia Wanazi, pale Prinsengracht 263. Mimi na ujuzi wangu wote wa kuuliza dirishani, nikasahau kwamba kuna nyumba zisizo na dirisha. Tiketi zake zinauzwa kwenye intaneti tu, zinatolewa kila Jumanne kwa siku za wiki sita mbele, na zinakwisha haraka. Tukafika mlangoni tukiwa tumevaa vizuri, tukasimama kando ya mfereji tukitazama waliowahi wakiingia. Kosa lilikuwa langu. Mtoto hakulia, jambo ambalo lilinichoma kuliko angelia.

Jioni alikaa kitandani na simu akaipitia ile sehemu ya maficho, kwa sababu wenyewe wameiweka kwenye tovuti yao ili yeyote aitembelee bila kulipa. Akapita chumba kwa chumba, nyuma ya kabati la vitabu lililouficha mlango. Mama akaketi kando yake. Baadaye Mama akaniuliza ngazi za mle zikoje. Nikamwambia ni nyembamba na kali kama za kupandia mnazi. Akasema, "Basi mimi ndiye niliyefaidi. Nimeingia nisipoweza kuingia." Sikatai. Lakini binti yangu bado anataka kusimama ndani ya chumba kile, na kila Jumanne nikikumbuka naona haya.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye daftari. Mama alikuwa na namna ya kuingia kwenye majumba haya iliyoniumiza: anajikunja, anapunguza sauti, anasema "samahani" kwa viti. Ujana wake wote alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu wakubwa. Mwili wake ulikumbuka. Nilijaribu kumwambia kwamba tumelipa, tuna haki, haikusaidia.

Kilichosaidia ni kisa cha Longleat. Nilimsomea jioni moja. Ni jumba kubwa la makabaila huko Uingereza, na mwaka 1949 mwenyewe alilifungua ili watu waje kutembea kwa kiingilio. Hakufanya hivyo kwa wema. Kodi ya urithi, iliyoanzishwa nchini humo mwaka 1894, ilikuwa imewabana wakuu wale, na kila akifa mmoja deni linaongezeka. Mwaka 1966 wakaongeza simba kwenye viwanja, watu waje zaidi. Nikamweleza pia kwamba hadi leo huko kuna wenye nyumba za kale wanaosamehewa kodi hiyo kwa sharti la kuwaruhusu wananchi waingie kuzitazama. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo wao ndio waliotuhitaji sisi?" Nikamwambia ndiyo. "Walikuwa wanadaiwa?" Ndiyo. Alitikisa kichwa kwa furaha ambayo sijui kama ni ya Kikristo.

Nikaona amefunguka, nikaendelea. Nikamwambia hata hiyo National Trust, iliyoasisiwa mwaka 1895, na mmoja wa waasisi wake ni Octavia Hill, mama aliyehangaikia makazi ya maskini, nyumba yake ya kwanza kabisa haikuwa kasri. Ilikuwa nyumba ya kasisi iliyoezekwa kwa nyasi huko Alfriston, ikanunuliwa mwaka 1896 kwa paundi 10. Na New York kuna jengo la wapangaji, namba 97 mtaa wa Orchard, lililojengwa mwaka 1863, ambamo watu wanaokisiwa kufika 7,000, wahamiaji wengi wao, walipanga kwa zamu mpaka mwaka 1935. Leo ni makumbusho. Wageni wanaonyeshwa vyumba vidogo ambamo familia nzima ililala, ikapika na kushona nguo za kuuza. Hilo la New York lilimgusa zaidi. "Wameweka na vyungu vyao?" Nikasema nadhani wameweka.

Mwezi uliopita tukatoka tena, sita vilevile, kitinda mimba sasa anatembea. Nilikuwa nimepiga simu. Sauti ya upande wa pili ikanijibu vizuri kabisa: mlango wa mbele una vidato kumi na viwili, lakini mkifika zungukeni nyuma, pitieni uani, kuna mlango ulio sawasawa na ardhi. Nikauliza ni mlango gani huo. Wa watumishi, akasema. Makaa, maji, nyama na nguo chafu vyote vilipita pale, kwa hiyo hawakuweka vidato.

Nilisita kumwambia Mama. Nilipomwambia, alisimama uani akautazama mlango ule. "Nami nilidhani mlango wa nyuma nimeuaga." Kisha akaingia.

Hakujikunja. Kulikuwa na jiko kubwa lenye sakafu ya mawe, meza ndefu ya mbao iliyochimbika kwa visu, masufuria ya shaba yamening'inizwa ukutani kwa ukubwa. Juu ya mlango palikuwa na safu ya kengele, kila moja na jina la chumba chake. Wa kati akauliza ni za nini. Kabla mwongozaji hajafungua mdomo, Mama akasema ni za kukuitia, na kwamba baada ya wiki moja huhitaji kusoma jina, unaijua kengele ya chumba kwa mlio wake, na unajua kwa mlio huohuo mwenye chumba kaamkaje. Mwongozaji akanyamaza. Mama akaenda kwenye chumba cha kufulia, akaonyesha rola mbili za mti za kukamulia shuka, akaeleza upitishe nini kwanza na vidole uviweke wapi. Binti akauliza maji ya moto yalifikaje ghorofani. "Kwa mikono," akasema Mama, "na huku chini hakuna aliyeuliza goti lako." Watu wawili tusiowajua wakasogea wakasikiliza, kisha wanne. Mmoja alidhani ni mfanyakazi wa pale, akamuuliza choo kiko wapi, naye akamwelekeza, kwa sababu nilikuwa nimeshamuulizia kwenye simu.

Ghorofani tulipanda kwa zamu. Ni pazuri. Dari nayo iko wazi, na yule wa kati hatimaye alipaona mahali ambapo tungelala: vitanda vya chuma, dirisha dogo, baridi. Njiwa hakuna.

Tuliposhuka Mama alikuwa bado jikoni, kwenye kiti, mkongojo umelala mezani kama yuko kwake. Ananitaka nirudi naye mwezi ujao, na amenituma niongee na wahusika kabla ya hapo. Anasema aliyeyapanga yale masufuria hajawahi kupika: kubwa kabisa limetundikwa juu ambako hakuna mwanamke angelifikia, na la maziwa liko mbali na moto.